Je, Wajua? Njia Moja, Saa Tofauti

Kutoka uwanja wa Heathrow, London, hadi JFK, New York, ni takriban kilomita 5,540. Umbali huo hupimwa kwa kufuata mviringo wa dunia, ndiyo maana rubani akitoka London huelekea kwanza kaskazini-magharibi ingawa New York iko kusini zaidi.

Ukigawanya kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, unapata saa sita na dakika chache. Lakini safari ya kwenda huchukua karibu saa 8, na ya kurudi karibu 7. Tofauti kati ya kwenda na kurudi huletwa na upepo mkali wa juu, uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki. Nguvu yake ni ya ajabu kweli: Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56 tu!

Unapokata tiketi, kumbuka kwamba saa zilizoandikwa ni za kila mji. Ukiondoka London saa 5 asubuhi, utatua New York saa 8 mchana, kwa kuwa New York iko nyuma kwa saa 5.