Bangili ya Chuma Kwenye Bawa la Pengwini

Ni kipande chembamba cha chuma, kimekunjwa kuzunguka bawa la pengwini pale juu karibu na bega. Juu yake zimechongwa namba kubwa, ili mtafiti amtambue ndege kwa darubini bila kumkamata tena. Ndege wengi huvishwa pete mguuni, lakini mguu wa pengwini ni mfupi na mnene, haufai. Basi bawa likachaguliwa, bawa lilelile analoogelea nalo, analotafutia samaki na kumkimbia chui-bahari. Kwa miongo kadhaa maelfu ya pengwini walivishwa bangili hizi, na waliowavisha walikuwa watafiti waadilifu wenye idhini zote.

Nilikutana na bangili hiyo nikisoma kuhusu vibali vya utafiti wa wanyama wa Antaktika, na mpaka leo haijanitoka moyoni. Sheria za huko ni kali kwelikweli. Itifaki ya Mazingira ya Mkataba wa Antaktika, iliyosainiwa Madrid mwaka 1991 na kuanza kutumika 1998, inakataza kuua, kukamata, kushika, hata kuwaendea kwa miguu ndege wanaolea na kuwatia hofu kwa makusudi, isipokuwa kwa kibali. Kibali hutaja ni nani, atafanya nini, wapi na lini. Kwenye sehemu iliyolindwa ya visiwa vya Pointe-Géologie, wanakozaliana pengwini kaisari, kukanyaga tu kunahitaji ruhusa ya pekee. Kwa watafiti wa Ufaransa karatasi hizo hupita kwa mamlaka yenye makao Saint-Pierre, kisiwani La Réunion, kwenye Bahari yetu ya Hindi. Visiwa vya Crozet viko nje ya mpaka wa mkataba, ila navyo ni hifadhi iliyo chini ya mamlaka hiyohiyo.

Ni huko Crozet ambako Yvon Le Maho, mwanafiziolojia wa Strasbourg aliyewafuatilia pengwini kwa sehemu kubwa ya maisha yake, alikataa kuichukulia bangili kama jambo la kawaida. Yeye na wenzake walichukua pengwini mfalme 100. Wote waliwekewa chini ya ngozi chipu isiyofikia hata gramu moja, isiyo na betri. Nusu yao wakaongezewa bangili. Antena zikafukiwa ardhini kwenye njia wanazopita kati ya koloni na bahari, na kila ndege aliyepita akajiandikisha mwenyewe bila kuguswa na mtu. Hivyo kwa miaka 10.

Matokeo yalitoka mwaka 2011 katika jarida la Nature, mwandishi wake wa kwanza akiwa Claire Saraux. Waliovaa bangili walipata vifaranga pungufu kwa asilimia 39, na kiwango chao cha kunusurika kilikuwa chini kwa asilimia 16. Walichelewa kufika koloni kuanza kuzaliana, na safari zao za kutafuta chakula zilikuwa ndefu zaidi. Nahodha wa ngalawa hahitaji kuelezwa sababu: anajua kamba moja tu inayoburuzwa majini inavyokula mwendo.

Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba ndege akishaivaa mwaka mmoja huizoea. Le Maho anasisitiza kuwa sivyo. Tofauti ya vifo ilififia baada ya miaka kama mitano kwa sababu wanyonge walikuwa wameshakufa, wakabaki wenye nguvu za ajabu; na hata hao waliendelea kuzaa kidogo. Hoja yake ya pili ndiyo nzito zaidi. Anasema takwimu zilizotokana na ndege wa bangili haziwezi kuaminiwa zinapotumiwa kueleza jinsi mabadiliko ya tabianchi yanavyowaathiri pengwini. Je, tunapima bahari inayopata joto, au tunapima chuma?

Lakini chipu nayo ina kikomo chake: husomeka kwa umbali wa chini ya sentimita 60. Kwa hiyo mwaka 2014 Le Maho na wenzake wakaeleza njia nyingine, kigari kidogo chenye antena, kinachoongozwa kutoka mbali. Kilipowakaribia pengwini mfalme, mapigo ya moyo wao yalipanda kwa kiasi kidogo, na kwa muda mfupi, kuliko binadamu anapowakaribia. Pengwini kaisari wa Adélie Land, kule Antaktika, ni waoga zaidi, wakakikimbia. Basi kikavishwa umbo la kinda, manyoya ya kijivu, mdomo mweusi, na baada ya majaribio kadhaa wakakikubali. Makinda wakakisogelea. Wakubwa wakakiimbia, wakisubiri kijibu. Le Maho alisimulia kwamba walionekana kuvunjika moyo kilipobaki kimya, na kwamba kijacho kitawekewa sauti.

Hapo ndipo ninapokwama. Kigari hakimgusi ndege, na mimi naamini Le Maho yuko upande wa ndege. Ila pengwini kaisari humtambua mwenzi na mtoto wake kwa sauti, katikati ya maelfu. Mashine inayojibu mwito huo iandikwe safu gani ya fomu ya maombi? Madhara ya bangili yalihitaji miaka 10 na kundi la ndege wasiovaa ili yaonekane. Nani atasubiri muda huo kabla ya kusaini kibali cha kinda linaloimba? Na takwimu za bangili zilizokwisha kuandikwa, miaka yote ile, zifutwe, zirekebishwe, au ziachwe zilivyo?