Balbu ya Kwanza Haili Umeme

Chora betri moja na balbu mbili zinazofanana, zilizounganishwa kwa mfuatano, kisha uliulize darasa la kidato cha pili: ipi itawaka zaidi? Wengi watataja ile ya kwanza. Ndiyo inayoupokea umeme mwanzo, watasema, inakula sehemu yake na kuiachia mwenzake makombo. Wanafunzi wa Tanga na Kisumu hawako peke yao katika jibu hilo. Watafiti wa ufundishaji wa fizikia wamelikuta Ulaya na Marekani, hata kwa vijana wa chuo kikuu waliokwisha kufaulu mitihani ya kanuni ya Ohm.

Kosa hili haling'oki kwa maneno. Mwalimu anaweza kurudia kila wiki kwamba mkondo ni uleule kila mahali katika saketi ya namna hiyo. Mwanafunzi ataandika, atakariri, atapata alama zake, na imani ya zamani itabaki palepale. Isitoshe, elektroni hazionekani hata katika maabara iliyokamilika kila kitu.

Kompyuta inaweza kuzionyesha. Mwaka 2002 Carl Wieman, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Colorado kilichoko Boulder, Marekani, aliyekuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, alianzisha mradi unaoitwa PhET. Kazi yake ni kutengeneza simulesheni, yaani majaribio ya sayansi yanayofanyika ndani ya kioo cha kompyuta au simu. Leo ziko zaidi ya 150, za fizikia, kemia, baiolojia, hisabati na sayansi ya dunia. Zote ni za bure, na baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili.

Ile ya saketi ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Mwanafunzi anavuta betri, waya, swichi na balbu, anaviunganisha apendavyo, na papo hapo anaona vidoa vya buluu vikitembea ndani ya waya: elektroni. Vinaingia kwenye balbu ya kwanza, vinatoka kwa kasi ileile, vinakwenda kwenye ya pili. Hakuna kilicholiwa. Balbu zote mbili zinawaka sawa. Akiongeza ya tatu, vidoa vyote vinapunguza mwendo kwa pamoja, hata vile vilivyo karibu kabisa na betri. Akiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, miali ya moto inalipuka kwenye kioo, naye anabonyeza kitufe na kuanza upya. Katika maabara halisi, kosa hilo lingeigharimu shule betri.

Mwaka 2005 watafiti wa chuo hichohicho walichapisha matokeo yaliyowashangaza walimu wengi. Wanafunzi waliojifunza saketi kwa simulesheni walilinganishwa na wenzao waliotumia balbu na waya halisi. Baadaye wote walipewa vifaa halisi, wakaambiwa wajenge saketi na kuieleza. Waliotoka kwenye kompyuta walifanya vizuri zaidi, ingawa vifaa vile walikuwa hawajavitumia katika somo hilo.

Matokeo hayo yasichukuliwe kuwa ruhusa ya kufunga maabara. Kupima tindikali kwa pipeti, kusikia waya ukipata joto, kugundua kwamba ammita haisomi kwa sababu kiungio kimelegea, hayo hayafundishiki kwenye kioo. Tanzania ilihangaika sana kuelekea mwaka 2014, wananchi wakichangishwa ili kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, na katika shule nyingi vifaa vilichelewa kuyafuata majengo. Deni hilo bado linapaswa kulipwa.

Intaneti nayo si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Simulesheni moja ni faili dogo la megabaiti chache, linaloweza kupakuliwa mjini, kubebwa kwenye flashi na kufunguliwa shuleni bila bando. Programu ya Kolibri, ya bure pia, inakwenda mbali zaidi: kompyuta moja inahifadhi video, mazoezi na simulesheni, halafu inavisambaza kwa vifaa vya darasani kupitia Wi-Fi ya hapohapo, hata pasipo mtandao wowote wa nje.

Linalotia wasiwasi zaidi ni namna vifaa vinavyotumika. Mara nyingi "kufundisha kidijitali" huwa ni kurusha ukutani maelezo yaleyale yaliyokuwa ubaoni, au kucheza video huku darasa limekaa kimya. Simulesheni nayo ikichezwa hivyo haisaidii kitu. Wieman na wenzake wanasisitiza ubashiri: mwalimu mwenye kompyuta mpakato moja na projekta anauliza kwanza, wanafunzi wananyoosha mikono kulitetea jibu lao, wanabishana na jirani, ndipo swichi inawashwa. Kwa shule za bweni zinazokataza simu, njia hii inatosha kabisa.

Simu mbili za walimu zinaweza kufanya zaidi. Programu ya phyphox, iliyotolewa mwaka 2016 na chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, inazigeuza sensa za simu kuwa vyombo vya kupimia. Weka simu mbili umbali wa mita 5, kila moja ikiwa na saa inayoanza na kusimama kwa sauti. Mwanafunzi aliye kwenye simu ya kwanza anapiga kofi, saa zote zinaanza; mwenzake aliye kwenye ya pili anapiga lake, zinasimama. Masomo ya saa hizo yatatofautiana, kwa sababu kila kofi limechelewa kuifikia simu ya mbali. Gawanya mita 10 kwa tofauti hiyo, nawe umepata mwendo wa sauti. Siku ya Dar es Salaam yenye nyuzijoto 30, jibu linapaswa kukaribia mita 349 kwa sekunde. Vitabu vingi huandika 330 au 340, na darasa litataka kujua nani amekosea, kabla mwalimu hajaanza kueleza kwamba sauti hukimbia zaidi katika hewa ya joto.