Ghala la Chuma Mwilini na Homa ya Mtoto

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Mtoto apatwapo na homa kali, wazazi huuliza neno moja tu: je, atapona? Leo twapenda kuwaeleza ndugu zetu askari na polisi, ambao wengi wao wanalea watoto kambini, juu ya kipimo cha damu kinachowasaidia madaktari kuitambua hatari mapema.

Mwilini mna protini iitwayo feritini, ambayo ni ghala la madini ya chuma. Mtaalamu Vilém Laufberger wa Czechoslovakia aliitenga mwaka 1937 kutoka katika wengu la farasi. Vijidudu vingi vya maradhi huhitaji chuma ili vizaliane. Basi adui aingiapo, mwili huyafunga maghala yake, na feritini huongezeka katika damu. Kwa hiyo feritini nyingi wakati wa homa si ushahidi kwamba mtoto ana chuma cha kutosha. Yaweza kuwa ishara kwamba vita ni vikali.

Mwaka 2007 madaktari wa Brazil walichapisha uchunguzi wa watoto 36 waliokuwa mahututi kwa maambukizo yaliyouvuruga mwili mzima. Miongoni mwa wale ambao feritini yao ilizidi mikrogramu 500 kwa lita, zaidi ya nusu walifariki. Ikipita 10,000, daktari hushuku pia ugonjwa wa nadra ambao walinzi wa mwili huasi na kuzishambulia chembe za damu za mwili wenyewe.

Hata hivyo, kipimo hiki hakitaji jina la maradhi. Malaria nayo huipandisha feritini, na daktari hana budi kuchunguza mengine. Tena si kila zahanati iliyo na mtambo wa kukipima.

Ndiyo maana mlinzi wa kwanza ni mzazi. Mtoto mwenye homa akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila alacho, akishikwa na degedege, au akilegea asizinduke, apelekwe hospitali saa ile ile. Ndugu askari, usingoje zamu yako iishe; mwombe mkubwa wako ruhusa, au mtume jirani. Kipimo kizuri kuliko vyote hakimfai mtoto aliyechelewa kufikishwa.