Mji wa Siku Moja, na Rekodi Nyingine za Ngara

Wanaosifia kasi ya kukua kwa Dar es Salaam au Dubai hawajasikia ya Ngara, wilaya ya mkoa wa Kagera. Tarehe 28 Aprili 1994 Wanyarwanda waliokuwa wakikimbia vita walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania. Katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walikuwa wameshavuka Mto Kagera. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, lilisema halijawahi kuona wimbi kubwa na la haraka kiasi kile. Walielekezwa Benaco, mahali palipobeba jina la kampuni iliyojenga barabara (wenyeji wengi huandika Benako). Pakawa kambi kubwa kuliko zote duniani, na wanahabari wakapaita mji wa pili kwa ukubwa Tanzania. Mji wenyewe ulikuwa wa maturubai, hauna mtaro wala hatimiliki.

Rekodi hiyo haikumaliza miezi mitatu. Julai mwaka huohuo Wanyarwanda zaidi ya 800,000 waliingia Goma, Zaire, kwa siku chache tu.

Rekodi ninayoiona nzito zaidi haina picha kwenye magazeti: kuni. Wakimbizi waliokuwa mkoani Kagera walikadiriwa kuteketeza tani 1,200 za kuni kwa siku. Sababu unaiona ukichungulia chungu kimoja. Mgao ulikuwa maharage makavu na mara nyingi mahindi ya punje, na punje nzima ikiwekwa kwenye mafiga matatu mahali penye upepo hula kuni nusu siku. Mahindi yakisagwa, maharage yakilowekwa usiku na jiko likikingwa upepo, mzigo wa kuni unapungua sana. Mashirika yalilazimika kufundisha hayo na kutia alama miti isiyoruhusiwa kukatwa, lakini vilima vilivyo karibu vilikuwa vimeanza kuwa vipara.

Maji nayo. Ngara si jangwa, ila kiangazi cha Juni hadi Agosti hukausha vilima vyake, na Benaco ilitegemea bwawa dogo lililoachwa na wajenzi wa barabara. Kipimo cha chini ambacho mashirika ya misaada yalikubaliana baadaye ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Kwa watu 250,000 hizo ni lita 3,750,000, kesho tena na keshokutwa tena. Na kambi hukua: ile ya Dadaab nchini Kenya, kwenye ukame halisi wa Garissa, ilipangwa mwaka 1991 kwa watu 90,000. Kufikia 2011 ilikuwa na zaidi ya 450,000.

Mji huo wa Ngara ulihamwa haraka vilevile. Mapema Desemba 1996 serikali ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na karibu nusu milioni wakarudi kutoka kambi za Ngara na Karagwe, wengi wao kwa miguu. Kambi ya Lukole, ya Warundi, ilifungwa mwaka 2008. Ndiyo maana Ngara ina rekodi ya ajabu ya sensa: mwaka 2002 ilihesabiwa watu wapatao 334,000, mwaka 2012 wakawa 320,000, ilhali Tanzania nzima ilipanda kutoka milioni 34 hadi karibu 45.

Wilaya jirani ya Biharamulo haina kishindo cha namna hiyo. Yenyewe ina Nyakanazi, njia panda ya Kahama, Kigoma na Rusumo, ambako malori ya Kigali na Bujumbura yanapita na kila yanaposimama panaota mgahawa, gereji na nyumba ya wageni. Huu ndio ukuaji wa polepole, ule ambao halmashauri inaweza kuutangulia. Nyumba zikijipanga mstari mmoja kandokando ya lami, bomba la maji linakuwa refu na ghali, na mashamba ya nyuma yanakatwa vipande visivyofaa kilimo wala makazi.

Benaco watu walifika kabla ya ramani, na hakuna aliyeweza kuwazuia. Nyakanazi hakuna dharura ya kusingizia: viwanja vipimwe sasa, na msitu wa kuni upandwe kabla ya gesti nyingine kujengwa.