Mita moja, mageto sita

Wengi tunaijua LUKU kwa meseji ya tokeni tu, bei yenyewe hatuisomi. Kwa bei zilizopitishwa na EWURA mwaka 2016, mita ya nyumbani isiyozidi uniti 75 kwa mwezi iko kundi la D1, uniti moja Sh100. Inayozidi hapo mwezi hadi mwezi inawekwa T1, Sh292, kabla ya kodi na tozo. Ni bei zilezile nchi nzima. Hapo sina ugomvi: Kigoma kwa miaka mingi ilitegemea majenereta ya dizeli, na umeme wake ungeuzwa kwa gharama halisi sijui nani angewasha taa.

Shida ni kwamba kanuni inahesabu mita, haihesabu watu. Chukua nyumba ya kupanga kama zetu hizi: vyumba sita, mita moja, kila geto linatumia uniti 20. Jumla 120, basi wote mko T1. Ni Sh35,040, yaani 5,840 kila chumba. Sasa jirani anakaa peke yake nyumba nzima, ana friji na tivii, anatumia uniti 60. Yuko D1, analipa 6,000. Katumia mara tatu ya mwanafunzi, wamepishana Sh160! Na unafuu wenyewe uliwekwa kwa ajili ya mwenye kipato kidogo.

Zile mita ndogo za kila mlango zinamaliza ugomvi wa nani kapiga pasi, bei haziigusi. Kinachoigusa ni kila chumba kuwa na mita yake ya TANESCO, na hapo lazima akubali mwenye nyumba, ambaye bili si yake.