Ituri: Kura zinapigwa, lakini gavana anatoka Kinshasa

Tarehe 20 Desemba 2023, wachaguzi wa Bunia walisimama mbele ya mashine ya kupigia kura wakagusa kioo mara nne: raisi wa nchi, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo na mshauri wa komini. Kura ya mwisho ilikuwa mpya. Tangu Katiba ya 2006, wakaaji wa komini za Mbunya, Nyakasanza na Shari hawakuwa wamewahi kuulizwa ni nani awasemee kwenye komini yao. Siku ile haikupita kwa utulivu, kwani kituo kimoja cha kura kiliharibiwa mjini. Hata hivyo watu walipanga mistari.

Miezi minne baadaye, tarehe 29 Aprili 2024, wabunge wa majimbo mengine ya Congo waliitwa kuchagua magavana wao. Ituri na Kivu ya Kaskazini hazikuitwa. Huko ofisi ya gavana ilikuwa na mtu tayari, naye hakuwekwa na kura ya mbunge yeyote.

Kwa Katiba, mwananchi hamchagui gavana moja kwa moja. Anachagua wabunge wa jimbo, kisha wabunge hao ndio wanamchagua gavana na makamu wake kwa miaka mitano. Kwa hiyo kura ya mbunge wa jimbo ina uzito wa pekee: ndiyo njia moja tu aliyo nayo mkaaji wa Aru, Mahagi, Mambasa, Irumu au Djugu ya kusema neno juu ya nani atawale jimbo lake. Njia hiyo ikifungwa, kura ya jimbo inabaki nusu.

Ituri yenyewe ni jimbo changa. Hadi 2015 ilikuwa wilaya ndani ya Province Orientale, na maamuzi makubwa yalitoka Kisangani, mbali sana kwa barabara zile. Kuwa jimbo kulileta furaha Bunia. Machi 2016 Jefferson Abdallah Pene Mbaka alichaguliwa gavana wa kwanza. Aprili 2019 akafuata Jean Bamanisa Saïdi, aliyekuwa ameiongoza Province Orientale kabla haijagawanywa. Hesabu ya magavana waliochaguliwa inaishia hapo: wawili.

Mwanzoni mwa Mei 2021 Raisi Félix Tshisekedi alitangaza kile ambacho kila mtu Bunia anakiita tu « état de siège ». Kuanzia tarehe 6 mwezi huo, Luteni Jenerali Johnny Luboya N'kashama alichukua nafasi ya Bamanisa, na bunge la jimbo likasimamishwa. Sababu iliyotolewa haikuwa ya uongo: CODECO na makundi mengine yalikuwa yanaua watu Djugu, ADF ilikuwa inaua Irumu, na waliokimbia walikuwa wamejaa kwenye kambi kama Kigonze, pembeni ya mji. Wengi walipokea habari ile kwa matumaini. Katiba inasema hali hiyo ni ya siku 30, na bunge la Kinshasa linaweza kuiongeza siku 15 kila mara. Imeongezwa, na kuongezwa, na kuongezwa tena. Agosti 2023 wajumbe wa majimbo haya mawili walikutana Kinshasa kuijadili, na Oktoba raisi akatangaza kwamba italegezwa polepole. Wauaji hawakungoja mjadala uishe. Uchaguzi wa Desemba ukafika, jenerali akiwa bado ofisini.

Lakini jeshi peke yake halielezi kila kitu. Kuna habari ya vyama, na Ituri ina historia yake.

Vyama vingi ambavyo watu wa hapa wanavikumbuka kwa majina vilianza na silaha. UPC ya Thomas Lubanga iliuteka mji wa Bunia Agosti 2002. Baadaye kulikuwa FNI, FRPI, PUSIC, FAPC, na karibu kila moja lilisikika kama la kabila fulani. Amani ya Kinshasa ilipokuja, wakubwa kadhaa walipewa vyeo vya jenerali katika jeshi la taifa, na UPC ikajiandikisha kuwa chama cha siasa. Katika uchaguzi wa 2006 Lubanga hakuwepo: Machi mwaka huo alikuwa amepelekwa The Hague, ambako Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu 2012 kwa kuwaingiza watoto vitani. Alitoka gerezani 2020. Mwanzo wa 2022 alikuwa kwenye ujumbe uliotumwa na raisi kuzungumza na CODECO, akashikwa mateka huko Djugu pamoja na wenzake kwa karibu miezi miwili. Mwaka 2025 alitangaza kundi jipya, CRP, la kuipinga serikali ya Kinshasa. Mzunguko wa bunduki kwenda kwenye sanduku la kura na kurudi kwenye bunduki, mtu mmoja ameupita wote.

Chama kidogo cha Ituri kisicho na silaha hakina nafasi kubwa nacho. Kuelekea 2023 nchi ilikuwa na vyama zaidi ya 900 vilivyoandikishwa. Ili kupata kiti cha mbunge wa taifa, orodha lazima ifikishe asilimia 1 ya kura za nchi nzima. Kwa bunge la jimbo, asilimia 3 ya kura za jimbo. Asilimia 1 inasikika ndogo. Lakini 2023 walipiga kura watu wapatao milioni 18, kwa hiyo ni karibu kura 180,000. Chama chenye watu Mahagi peke yake kitazitoa wapi? Kinaingia kwenye mkusanyiko wa vyama unaoongozwa kutoka Kinshasa, kinabeba bendera ya mtu mwingine, na mbunge anapochaguliwa anajua deni lake liko wapi. Ndio maana wabunge wengi walioingia walikuwa wa Union sacrée, kambi ya raisi, na ndio walewale wanaoombwa kuongeza siku 15.

Nchi ndogo kuliko Bunia inaweza kufundisha kitu hapa. Liechtenstein, katikati ya Uswisi na Austria, ina watu wapatao 40,000. Kizuizi chake ni kikali zaidi, asilimia 8, na bunge lina viti 25 tu. Lakini vyama vyake ni vya hapohapo. Viwili vya zamani, VU na FBP, vilitawala pamoja tangu 1938 hadi 1997. Februari 2025 VU ilipata viti 10, FBP 7, na vingine viwili vikagawana 8. Ni kweli kuna mwana-mfalme mwenye nguvu kubwa, na ndiye anayeteua serikali, lakini kwa mapendekezo ya wabunge hao. Mchaguzi wa kule anaweza kufuata kura yake hatua kwa hatua hadi kwa waziri mkuu. Jeshi? Walilivunja 1868.

Hakuna anayesema Ituri ivunje jeshi kesho. Mama aliyelala porini na watoto kwa kuogopa mapanga anataka askari, na anataka wafike haraka. Swali linaloulizwa Bunia ni kama kumlinda mtu kunalazimisha kumnyima gavana aliyemchagua kupitia mbunge wake, wakati tangu 2021 mauaji yenyewe hayajakoma.

Uchaguzi mwingine unatakiwa kufanyika 2028. Mtoto aliyekuwa na miaka 11 jenerali alipoingia ofisini atakuwa na 18 na kadi ya mpiga kura mkononi. Ikiwa amri ya 2021 haitakuwa imeondolewa, ataulizwa tena kuchagua mbunge wa jimbo.