Lehemu Kushuka kwa Mwenye Homa ya Ini C Si Dalili ya Afya Njema

Mkazi wa Bukene, wilayani Nzega, anayepimwa lehemu, yaani kolesteroli, na kuelezwa kuwa kiwango chake kiko chini ana kila sababu ya kufurahi. Kwa anayeishi na virusi vya homa ya ini C, hata hivyo, majibu hayo yasomwe kwa uangalifu. Huenda lehemu imeshuka kwa sababu ini linatumikishwa na virusi.

Ini hutengeneza sehemu kubwa ya lehemu ya mwili na kuifungasha pamoja na protini ili isafiri katika damu. Virusi vya homa ya ini C, vilivyotambuliwa mwaka 1989, hutumia njia hiyo hiyo. Hujiunda kwenye matone ya mafuta yaliyo ndani ya seli za ini, kisha hutoka vikiwa vimejifungamanisha na mafuta hayo, mithili ya abiria aliyejificha katika behewa la mizigo kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza inayopita Bukene. Hivyo lehemu inayofika kwenye damu hupungua, ilhali mafuta hurundikana katika ini lenyewe. Mrundikano huo, unaojitokeza zaidi kwa wenye kundi la tatu la virusi hivyo, huchangia ini kupata makovu.

Kipimo cha lehemu hakigundui homa ya ini. Kinachohitajika ni kipimo cha kingamwili na, kikionesha maambukizi, kipimo cha vinasaba vya virusi, kwa kuwa baadhi ya watu hupona bila dawa na kubaki na kingamwili pekee. Waliowahi kuongezewa damu isiyopimwa au kuchanjwa chale kwa wembe uliotumiwa na wengine wana sababu zaidi ya kupima. Chanjo ya homa ya ini B haikingi aina ya C, ambayo bado haina chanjo.

Vidonge vya sasa, vinavyomezwa kwa wiki 8 hadi 12, huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Baada ya kupona, lehemu mara nyingi hupanda. Wapo wanaodhani dawa imewadhuru, kumbe ini limerejea kazini. Mwenye kisukari au shinikizo la damu apimwe lehemu upya wakati huo. Anayetumia dawa za kushusha lehemu amweleze daktari kabla ya kuanza tiba, kwani baadhi yake hazipatani na vidonge hivyo.